Kidani cha Mwana Kupona na ukili wa mama yako

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza mwezi wa nne, na mama yangu alitangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla. Nataka kuuelewa umama kwa njia ya historia, fasihi na kazi za mikono, lakini kila ninachokiokota kinahusu wanawake wa Ulaya, au ni methali za kumsifu mama ambazo saa nane ya usiku, mtoto akilia, hazinisaidii kitu. Je, wanawake wa pwani yetu waliwahi kuandika wenyewe habari ya kuwa mama, au waliandikiwa na wanaume tu? Mama ameniachia kasha la kanga na ukili aliouviringa ambao hakuwahi kuushona. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera kwa kujifungua salama, na pole kwa kuondokewa na mama. Umeniuliza swali la kazi, nami nitakujibu la kazi, ila usidhani hayo mawili nimeyapita juu juu.

Ndiyo, waliandika, na waliyoyaandika yapo. Tatizo ni kwamba hayakukaa pale unapotafuta. Ukipekua maandishi ya wanawake wa pwani ukitaka mtu akusimulie alivyojisikia usiku wa kwanza na kichanga, utafunga daftari tupu. Mambo ya uzazi yalisemwa ndani, mlango umefungwa, mkunga na wakubwa wakiwepo. Kilichotoka nje ni vitu: wasia, kidani, kanga, mkeka. Umama umo humo, na husomwa kwa kutazama kitu kimetengenezwaje.

Lugha yenyewe inatusaidia. Shanga hutungwa. Asumini hutungwa. Shairi hutungwa. Na mimba nayo hutunga. Sidai kwamba kuna mtu alikaa akaamua iwe hivyo, lakini nilifundisha fasihi zaidi ya miaka 30, na karibu nusu ya hiyo nililipita neno hili kila siku bila kulitazama. Aliyenishtua ni mwanafunzi mmoja mjamzito, aliyeniuliza darasani kama mtunzi na mwenye mimba ni kazi moja. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu.

Basi anzia Siu. Siu uko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Ukifika leo utaona kijiji na ngome kubwa, lakini katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi: waliokuwa wakinakili Qur'ani na kuzipamba kurasa kwa wino wa rangi, waliofunga vitabu, walioshona viatu vya ngozi, waliochonga viti. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliolewa na mtawala wa mji huo, Bwana Mataka, yule aliyempa Seyyid Said, Sultani wa Unguja, taabu isiyokwisha. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwaka 1275 Hijria, yaani 1858, mjane wake, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa beti zaidi ya 100. Mwaka huo hatuukisii, ameutaja mwenyewe katika beti za mwisho, pamoja na jina lake na mji wake: "Mwana Kupona Mshamu, Pate alikozaliwa." Kwa hiyo swali lako la kama tuliandikiwa na wanaume tu lina jibu lenye tarehe na sahihi.

Mashuleni tumeufanya utenzi huu kuwa mtihani wa "nafasi ya mwanamke". Wako wanaomsoma Mwana Kupona kama mama anayemfunza binti yake kunyenyekea, na wako wanaomtetea kwamba anamfundisha namna ya kumtawala mume huku akionekana kumtii. Nimeisimamia mijadala hiyo mpaka imeniishia hamu. Pande zote mbili hubishana juu ya mume, ambaye ndani ya utenzi hata jina hana, na kumsahau msichana aliyeketi pale na kalamu.

Kwa sababu yupo, na ana kalamu. Soma ubeti huu polepole, kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu:

Maradhi yamenishika
hatta yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Mwaka mzima mama anaumwa, binti yumo humo nyumbani, na mama hakupata kumwambia neno jema. Kwa nini? Hakusema. Labda maumivu, labda wageni wa kumjulia hali hawakuisha, labda kila siku ilionekana bado ipo kesho. Mimi kila nikifika hapo husimama. Huhitaji kuwa wa Siu wala wa karne ya 19 kuujua mwaka wa namna hiyo. Nadhani wewe unaujua wako. Halafu anaendelea:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na kartasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

"Ndoo mbee" ni njoo mbele. "Ujilisi" ni ukae. Njoo ukae, uje na wino na karatasi. Ubeti unaofuata unamwambia aandike Bismillahi kwanza, kisha amsalie Mtume. Maana yake nini? Mama anasema, binti anaandika. Wasia wa mama umepita katika mkono wa mwana kabla haujafika kwa msomaji yeyote. Na maana yake pia ni kwamba msichana huyu alijua kuandika, kwa herufi za Kiarabu, kama ilivyokuwa desturi ya Kiswahili wakati huo, na mama yake hakuona ajabu yoyote ya kueleza.

Sasa tazama anachompa. Kabla hajaingia kwenye nasaha, anataja zawadi:

Twaa nikupe hirizi
uifungeto kwa uzi
uipe na taazizi
upate kuyangalia

Nikutungie kidani
cha lulu na marijani
nikuvike mwana shani
shingoni kikizagaa

(Mshororo wa tatu wa ubeti huo wa pili utaukuta tofauti tofauti katika nakala, tenzi zilinakiliwa kwa mkono, na kila mkono una yake.) Hirizi ifungwe vizuri kwa uzi. Kidani kitungwe kwa lulu na marijani. Ubeti mwingine unaongeza kifungo cha shingoni. Hakuna hirizi wala kidani hapo chumbani, bila shaka; kidani ni utenzi wenyewe. Na si mfano wa kupamba tu, kwani ndivyo utenzi ulivyoundwa. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina chake: -ka, -ka, -ka, -si, -si, -thi. Ule wa nne hurudi palepale, kwenye -a, ubeti baada ya ubeti, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Hizo tatu ni shanga za rangi yake. Ile ya nne ni tundu ambamo uzi unapita. Ukitaka kuhakikisha, chukua beti kumi uzisome kwa sauti huku unapitisha ushanga mmoja kila ukifika kwenye -a. Nimewafanyisha wanafunzi jambo hilo, na wale wenye mikono mizito ndio walioelewa haraka, maana uzi uliwasubirisha.

Kuna ubeti mmoja zaidi sitaki uupite, nao ni wa mume:

Mtunde kama kijana
asioyua kunena
kitu changalie sana
kitokacho na kungia

Mtunze kama mtoto asiyejua kusema. Kiangalie sana kitu kitokacho na kiingiacho. Wachambuzi huona hapo matumizi ya nyumba. Mimi niliyelea wanne naona nepi. Nani mwingine, isipokuwa mtu aliyewahi kushika kichanga, angefikiri kwamba kumtunza asiyeweza kusema ni kuangalia kinachoingia na kinachotoka? Umama wenyewe, ule wa saa nane ya usiku, umeingia katika utenzi kwa mlango wa nyuma, ukiwa umevaa koti la mume. Ndivyo utakavyoukuta mara nyingi katika maandishi ya zamani, kwa hiyo zoea kutazama mlango huo.

Lakini usimfanye Mwana Kupona kuwa mama wa wote. Anamwambia binti yake pia: "Sitangane na watumwa, illa mwida wa khuduma", usichanganyike na watumwa ila wakati wa kutumikiwa. Nyumba ile ilikuwa na wanawake wengine, na wao pia walikuwa na mimba, na matiti yenye maziwa, na watoto. Nani alimbeba Mwana Hashima alipokuwa bado kichanga? Utenzi haumtaji. Hapa historia inabidi itazamwe kwa jicho kavu. Kwa sheria ya Kiislamu, suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa tena, mtoto wake alikuwa huru, na bwana akifa naye huwa huru. Kwa mwanamke wa hali hiyo, kuzaa kulikuwa hati ya uhuru iliyocheleweshwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Amri ya 1897 iliondoa utumwa kisheria lakini ikawaacha masuria nje, na ilibidi isubiriwe amri nyingine, ya 1909. Miaka 12 hiyo ni historia ya umama kama ilivyo ya utumwa, ila vitabu vyetu vya shule huiweka kwenye sura moja tu.

Mtoto wa suria mmoja ametuachia maandishi. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja 1844, alikuwa binti wa Seyyid Said, na mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa nchi za Kaukazi, aliyetekwa angali mdogo. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Qur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mama yake alikufa kwa kipindupindu 1859. Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba ya Mjerumani, akajifungua mtoto wa kiume Aden, na mtoto huyo akafariki mwaka uliofuata, bado mchanga, wakiwa safarini kwenda Ujerumani. Alizaa watatu wengine huko, na mumewe akafa kwa ajali ya tramu Hamburg mwaka 1870. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani 1886 kwa jina la Emily Ruete, alianza kuziandika kwa ajili ya wanawe, ili wajue mama yao katoka wapi. Ndani yake utakuta habari ya kichanga cha Unguja anavyofungwa kwa kitambaa toka miguuni hadi mabegani. Mwanamke anayeandika jambo hilo yuko kwenye baridi ya Ujerumani, na watoto anaowaandikia hawakufungwa hivyo. Ukisoma ukurasa huo ukiwa na mtoto mapajani, utaona kwamba anajieleza yeye mwenyewe kuliko kumweleza mtoto.

Na kwa kuwa uko Tanga, Shaaban Robert ni wa nyumbani kwenu. Naye alimtungia binti yake utenzi wa wasia, na akaanza kwa kumtaka binti akae kitini aiandike hati hiyo. Weka tenzi hizo mbili pamoja, wa mama wa 1858 na wa baba wa karne ya 20, uone kipi kila mzazi alikitaja kwanza na kipi kila mmoja alikisahau. Sikwambii mapema nilichokiona mimi.

Wanaume waliandika sana habari zetu, hilo ni kweli. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ametuachia maelezo marefu ya desturi za Waswahili, yaliyochapishwa Göttingen mwaka 1903, na humo mna mimba, mkunga, kumpa mtoto jina, na mengineyo. Msome, ni mtu makini. Lakini utaona kwamba mwandishi amesimama ukumbini. Anajua kinachoingia chumbani na kinachotoka. Cha katikati anakisikia tu.

Cha katikati kimehifadhiwa wapi? Nakwambia: kwenye nguo. Sasa lifungue kasha la mama.

Kuna maneno mawili ambayo wasichana wa leo huyasikia kwenye mahari tu, tena wakacheka: mkaja na ubeleko. Mkaja ni nguo anayofungwa mwanamke tumboni baada ya kuzaa. Ubeleko, au mbeleko, ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kwa desturi ya pwani, bwana harusi alipaswa kumpa mama wa bibi harusi vitu hivyo, na siku hizi hulipwa fedha kwa majina yaleyale. Fikiria hesabu iliyomo humo. Miaka 20 baada ya kuzaa, siku binti anapoondoka, watu wote wamekaa barazani, mama anarudishiwa nguo iliyomfunga tumbo na nguo iliyombeba mwanawe. Hakuna hotuba. Nguo mbili zinatajwa, na kila mwanamke aliyepo anajua zinadai nini. Lugha ya uzazi kwetu yote ni ya kufunga na kufungua, ukiitazama: mama anajifungua, kisha anafungwa mkaja, mtoto anafungwa mgongoni, anafungiwa hirizi. Mimi mwenyewe nilifungwa na shangazi yangu kwa kanga ya zamani, akaweka goti kiunoni kwangu akavuta kama anayefunga mzigo wa kuni, na uji wa pilipili manga umewekwa pembeni unafuka. Nilimchukia siku hizo. Ile kanga ninayo.

Leso, kama wanavyoiita Mombasa, jina lake limetoka kwa Wareno, kwenye neno lao la kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakavishona pamoja kuwa nguo moja kubwa, na mwishoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara wakaanza kuleta nguo iliyochapwa mzima. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina, yaani yale maneno. Majina ya mwanzo yalichapwa kwa herufi za Kiarabu. Za Kilatini zikaja baadaye. Kwa hiyo ukikuta ndani ya kasha kanga yenye jina la herufi za Kiarabu, isiguswe na sabuni, iite familia. Ukikuta iliyoandikwa "Mali ya Abdulla" pembeni, hiyo ni chapa ya duka maarufu la Mombasa la Kaderdina Hajee Essak, na si kwamba mama alimwazima Abdulla. Kuna mwanafunzi wangu alipoteza wiki nzima kumtafuta huyo Abdulla katika ukoo wao.

Majina yanayomtaja mama yapo mengi, "Nani kama mama", "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi", na ile inayotoka kwenye methali, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi". Umelalamika kwamba methali za kumsifu mama hazikusaidii, na nakuunga mkono: zikisomwa ukutani ni sukari tupu. Lakini kanga haikununuliwa isomwe ukutani. Ilinunuliwa na fulani, ikapewa fulani, siku fulani. "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi" akiivaa mwanamwali anayehamia ukweni, ni sala. Akiivaa mke wa miaka kumi siku wifi zake wamekuja kumtembelea, hiyo ni vita. Maneno ni yaleyale. Habari ya umama wa mama yako imo katika kujua ipi ilikuwa ipi.

Hivyo, usizipange kanga kwa rangi. Waite mama zako wadogo na shangazi zako, mmoja mmoja, si kwa pamoja, maana wakikaa pamoja mkubwa atasema na wengine wataitikia. Mwekee kila mmoja kanga mapajani, umwache aishike. Usimwulize "hii ina maana gani". Atakusomea jina lake na hapo mmekwisha. Mwulize nani alimpa mama, na mama aliivaa wapi mara ya kwanza, na kama kuna mtu alinuna. Andika kwa mkono au rekodi kwa simu, vyovyote, ila andika na jina la anayesema. Utapata habari tatu za kanga moja. Usizipatanishe.

Kisha itafute mbeleko. Huenda hakuna atakayekuonyesha, lakini nguo huonyesha yenyewe. Kanga iliyobebea mtoto haichakai sawasawa. Pembe mbili, zile zilizofungwa kifuani au begani, huwa na mikunjo ambayo pasi haiitoi tena, na uzi wake umelala upande mmoja. Katikati ya mji, pale alipokaa mtoto, rangi hupauka kwa jasho la pande mbili, la mgongo na la tumbo dogo. Jina mara nyingi limefutika nusu, kwa kuwa lilikuwa likiangukia pale pa kukunjia. Kwenye kanga ya mama yangu limebaki neno "dunia" tu, na hakuna aliyekumbuka mengine. Ukiipata yako, inusie, itazame kwa mwanga wa dirishani, kisha mbebee mwanao. Wenzangu wa makumbusho watanigombeza kwa ushauri huo. Wanigombeze, wao wana kanga zisizo na mikunjo.

Nimeuacha ukili mwisho kwa sababu ndio unaonisumbua zaidi tangu niliposoma barua yako.

Kwa faida ya wengine watakaosoma: mkeka wa pwani haufumwi kama kitambaa. Majani ya ukindu, au miyaa, hukatwa yakiwa machanga, huanikwa, mengine huchemshwa na rangi, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba. Chane hizo husukwa kuwa utepe mrefu, mita nyingi, ambao ndio ukili. Ukili ukishatosha, huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo mpaka uwe mkeka. Kwa hiyo kazi ina sehemu mbili zenye tabia tofauti kabisa. Kushona kunataka nafasi, mwanga na saa nyingi za mfululizo. Kusuka ukili hakutaki chochote. Unasuka umekaa mlangoni, unasuka ukisubiri chungu kichemke, unasuka mtoto akinyonya, ukiitwa unauweka chini na ukirudi unaendelea palepale. Kazi hii imeumbwa kwa mtu asiyeachiwa dakika kumi. Wanawake hawakuichagua kwa kuwa wana mikono laini, kama nilivyowahi kusikia bwana mmoja akisema kwenye maonyesho. Waliichagua kwa kuwa inakatizika.

Na kukatizwa huko hubaki ndani yake. Ufungue ukili wa mama sakafuni, kiasi cha hatua mbili kwa wakati, uupitishe kati ya vidole, macho umeyafumba. Utahisi mahali pamekaza na mahali pamelegea. Palipolegea, aliinuka. Chane inapoisha husukiwa nyingine juu yake, na msukaji aliyetulia huficha ncha. Aliyeharakishwa huziacha zimechomoza. Nilimfanyia hivyo bibi mmoja jirani yangu, aliyekuwa hai na mwenye ulimi wake, akanitajia mahali pa mjukuu kuungua uji na mahali pa hodi ya wanaotangaza msiba. Labda alinidanganya mawili matatu, alipenda mzaha. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimesimama palepale kabla hajasema.

Hii ndiyo sababu nilikwambia usitafute daftari. Mwana Kupona alikuwa na wino, na binti wa kumwandikia, na watumwa wa kumpunguzia kazi, na bado ilimchukua mwaka. Mama yako alikuwa na ukindu. Wote wawili walikuwa wakipitisha kitu kimoja kirefu kati ya vidole kwa ajili ya mtu ambaye angekipokea wao wakiwa hawapo, na kama utataka kuandika insha juu ya umama wa pwani, mimi ningeanza na sentensi kuhusu ule ukili.

Sasa la vitendo, maana najua utataka kuumalizia. Usianze kuushona. Pima kwanza kama unatosha. Ukili wa mkeka wa kulalia watu wawili ni mrefu kuliko unavyodhani, na nahisi mama aliuacha kwa kuwa ulikuwa bado. Kama ni mfupi, itakubidi usuke mwenyewe uunganishie. Ukindu uliokaa mwaka ni mkavu, ukiupinda unakatika, kwa hiyo ile ncha ya mwisho aliyoiachia ilowekwe kwa maji kidogo, ifunikwe kwa kitambaa kibichi usiku mmoja. Chukua ukindu mpya, usitafute wa rangi ileile. Hautaipata na hutakiwi. Hesabu chane za mama ni ngapi, usuke kwa hesabu hiyohiyo, la sivyo upana utapishana na mshono hautakaa. Hatua yako ya kwanza itakuwa imelegea vibaya, na utaona haya. Iache.

Ukifika pa kushona tafuta bibi mwenye shazia, ile sindano kubwa ya mikeka. Vijijini kwenu hakosekani. Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mtoto mgongoni kwenye ile mbeleko. Ukienda mikono mitupu na daftari atakuambia kazi hii imeshapitwa na wakati, lakini ukienda na mtoto atakuwekea kigoda.